Bwana – ? – darasa: ninavyotunga mafumbo ya maneno ambatano

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mapumziko ya saa nne, nabandika kipande cha manila kando ya mlango wa ofisi ya walimu. Juu yake pana mistari mitatu tu:

bwana – ? – darasa
pima – ? – taka
mwana – ? – kavu

Wa kwanza kuniletea majibu matatu sahihi anapata chungwa. Hapa Muheza chungwa si kitu cha kumtoa mtu mbio, maana mchungwa uko karibu kila ua. Hata hivyo nimewaona vijana wa Kidato cha Nne wakisukumana mbele ya ile manila, midomo ikitamka taratibu: bwanafedha, bwanaharusi, bwana… bwanashamba! Shambadarasa! Hapo ndipo sauti inapopanda.

Majibu ni shamba, maji na nchi. Bwanashamba na shambadarasa, pimamaji na majitaka, mwananchi na nchikavu. Neno la katikati linalifunga la kwanza na kulifungua la pili. Wanafunzi wangu wenyewe wameliita fumbo la daraja, nami nimelichukua jina hilo.

Walimu wenzangu wameniomba mara kadhaa niwaelekeze namna ya kuyatunga, na wazazi pia, hasa wenye watoto wanaoshinda na simu. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Daftari lenye kurasa mbili kwa kila neno

Nina kaunta buku la kwaya mbili. Upande wa kushoto wa kila ukurasa naandika "vichwa", upande wa kulia "mikia". Nikilipata neno ambatano, yaani maneno mawili yaliyoungana kuwa moja, naliandika mara mbili: mara moja kwenye ukurasa wa kichwa chake, mara ya pili kwenye ukurasa wa mkia wake. Mwanamaji anakwenda kwenye "mwana" upande wa vichwa, kisha kwenye "maji" upande wa mikia. Majitaka yanakwenda kwenye "maji" upande wa vichwa. Siku moja utafungua ukurasa wa "maji" na kukuta pande zote mbili zina kitu. Basi daraja limekwisha kujengwa, kazi yako ni kulinakili. Ndivyo nilivyoyapata mwana–hewa–ukaa, mwana–mke–mwenza na mwana–chama–tawala. Sikuyabuni kwa kukaa na kufikiri, yalijitokeza daftarini.

Maneno nayaokota popote. Fundi mwashi aliyenijengea choo alikuwa akimwita kibarua wake, "Niletee pimamaji!" Stendi nilimkuta mpigadebe, ambaye siku hizi hana debe lolote, anapiga bodi la basi kwa kiganja, lakini jina limebaki. Kliniki kuna mjamzito. Ofisi za serikali zimejaa: hatimiliki, kitegauchumi, kipaumbele. Shambani kuna njugumawe. Mwanafunzi akiniletea neno ambalo daftari langu halina, naandika jina lake pembeni ya neno, naye hupita kulitazama kila muhula.

Mama yangu, mtu wa Pangani, ndiye aliyenipa maneno ya thamani kuliko yote. Nilimuuliza siku moja kwa nini mtoto wa mwisho huitwa kitindamimba. Akanitazama usoni. "Mwanangu, wewe si unatinda nyusi?" Nikasema ndiyo. "Basi kutinda ni kukata. Yule kaja kuikata mimba, haiji nyingine." Miaka yote nimelitumia neno hilo bila kukisikia kisu kilichomo ndani yake. Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja cha fumbo zuri: mtu akishapata jibu, alisikie neno lake la kila siku kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Mlariba ni mtu anayekula. Kiinimacho ni kitu kinachochezea kiini cha jicho lako. Batabukini ni bata wa Bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska, kwa hiyo ndege yule ana safari ya baharini ndani ya jina lake. Fumbo lisilokuwa na kitu kama hicho nalipitisha tu kwa ajili ya mazoezi.

Kulipima neno kabla halijaingia manila

Kipimo cha kwanza: je, kati ya sehemu mbili kuna kiunganishi kama "ya", "la" au "cha"? Kikiwapo, neno halifai. Garimoshi linaingia, gari la moshi haliingii. Mvua ya mawe haiingii, ingawa watoto huileta kila nikiweka njugu – ? na mbuzi – ? kutafuta "mawe".

Kipimo cha pili ndicho kigumu, na kiliwahi kuniaibisha mbele ya darasa. Niliandika zima – ? – kaa, jibu likiwa moto: zimamoto, motokaa. Nilifurahi nalo wiki nzima, moto na kaa, vitu vya jiko moja. Mwalimu mwenzangu akanivuta pembeni: motokaa limekuja zima kutoka Kiingereza, gari la mota, na huo moto na hilo kaa vimeonekana humo kwa bahati ya matamshi tu. Alikuwa sahihi. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikalirekebisha.

Kwa hiyo uliza: hizi sehemu mbili zilikuwa hai kabla ya kukutana? Majivuno si maji na vuno. Ni kujivuna, kukawekewa ma- mbele. Mwanana si mwana na "na". Maneno haya ya kudanganya nimeyatengea ukurasa wake mwishoni mwa daftari, na mara moja kwa mwezi naweka manila ya mtego: maneno matano, wanafunzi waseme ni yapi ambatano kweli na yapi yanajifanya. Manila hiyo huleta ubishi mkubwa kuliko zote.

Kuna kundi la tatu, maneno ambayo kiungo chake kimeyeyuka. Mwanadamu ni mwana wa Adamu, lakini a mbili zimekuwa moja na mtu halisikii tena jina la baba yake. Haya nawawekea wakubwa, na lazima niwaonye kwamba sauti moja imepotea.

Ficha upande upi?

Mwanzoni nilichukua mitindo ya mafumbo kutoka kitabu cha Kiingereza, ikawa inanigomea. Sababu niliitambua baadaye: Kiingereza hutanguliza sifa halafu kitu chenyewe, Kiswahili hutanguliza kitu halafu sifa. Sisi tunasema kwanza ni bata, ndipo tuseme bata gani. Hili linageuza ugumu wote.

Ukimpa mtu bata – ?, amefunguliwa mlango mpana: mzinga, bukini, maji. Ukimpa ? – milia, hana pa kwenda isipokuwa kwa punda. Kwa majina ya aina hii, basi, kuficha kichwa ni kurahisisha na kuficha mkia ni kufanya pawe pagumu.

Kwa maneno yaliyotokana na kitendo mambo hugeuka. Kipaza – ? anaijua hata mtoto wa madrasa aliyesimama karibu na msikiti. Lakini ? – sauti ina kipaza, ina kinasa, ina kikuza. Kivunja – ? humpeleka mtu moja kwa moja kwenye jungu la yule mdudu mwenye mikono ya kuomba. Hapa mkia ndio rahisi. Kabla ya kuamua ufiche upande upi, fungua daftari uhesabu majirani wa kila upande.

Na uwe mchoyo na "mwana". Mwanasheria, mwanahewa, mwanajeshi, mwanahisa, mwanazuoni: ukilegeza kamba manila nzima itakuwa ya mwana, na mtatuzi ataacha kufikiri. Kwangu, mwana akiwa kichwa huruhusiwa mara moja tu kwa kila manila.

Vidokezo

Kidokezo cha kwanza ni idadi, na nashauri uhesabu silabi, sio herufi. Mtoto wa Kiswahili alijifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu, neno analibeba kichwani kwa silabi. Zaidi ya hayo, silabi ziliniokoa kwenye kesi iliyonikuta mwaka juzi. Niliandika mwana – ? – mama, nikiwa na sheria: mwanasheria, na sheria mama, yaani katiba. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akaja na chama. "Mwanachama, Mwalimu. Na chama mama." Sikuwa na la kumjibu, jibu lake lilisimama kama langu. Walipata machungwa wote wawili, yeye na aliyesema sheria. Tangu hapo kila alama ya kuuliza ina nukta chini yake: nukta tatu, she-ri-a, na cha-ma imekwisha kutoka.

Kidokezo cha pili kinanipendeza zaidi kwa kuwa hakiwezekani katika lugha nyingi: wingi. Maneno ambatano yetu hayaingii wingi kwa njia moja. Mwanafunzi anakuwa wanafunzi, kichwa peke yake kimebadilika. Kipazasauti, vipazasauti, vivyo hivyo. Lakini mwanamke ni wanawake na mjamzito ni wajawazito, pande zote mbili zimetikisika. Ukisema "tukiwa wengi, kichwa changu na mkia wangu vyote hubadilika", umetoa dokezo la kweli bila kugusa maana hata kidogo. Na mtoto amerudia somo la ngeli bila kuambiwa kwamba ni somo.

Visoda

Kwa wadogo, na kwa siku za mvua tunapobaki darasani, nina mkebe wa visoda vya chupa za soda. Upande wa ndani nimeandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, silabi moja kila kisoda. Nachagua maneno matatu, kwa mfano kivunjajungu, batabukini na mlariba, navichanganya visoda vyake kumi na vinne, kundi la watoto watatu lina dakika kumi. Angalia usiivunje silabi: nja ni kisoda kimoja, ngu ni kimoja, na ile m ya mwanzo wa mlariba inakaa peke yake. Watoto wakibishana kama m inaweza kuwa silabi, waache wabishane kwanza. Waambie wapige makofi wakitamka.

Yaandikwe pamoja au mbalimbali?

Utaulizwa, tena kwa ukali. Gazeti moja litaandika mpiga picha, jingine mpigapicha. Shamba darasa na nchi kavu mara nyingi utayaona yameachana. Mimi kwenye manila nayahesabu kuwa neno moja maadamu yanataja kitu kimoja, na jibu lililoachana nalipokea pia. Ubishi ukizidi, tunafungua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ile iliyotoka kwanza mwaka 1981, na inachosema kamusi kinamaliza kesi ya siku hiyo. Chagua kamusi yako moja, uitangaze mapema. Kubadilisha mwamuzi katikati ya mchezo kutawavunja moyo watoto.

Mwisho, kabla ya kubandika, mpe fumbo mtu mmoja asiyejua jibu, nawe unyamaze. Kunyamaza ni kazi. Akikaa zaidi ya dakika tano bila hata kukisia, nukta hazitoshi, ongeza kidokezo. Akijibu kabla hujamaliza kusoma, lipeleke kwa Kidato cha Kwanza. Wangu ni mpishi wa shule, mtu mwenye Kiswahili kipana na subira, naye hunijibu huku akisonga ugali.

Hii hapa manila ya Ijumaa ijayo, ndefu kuliko kawaida, nimeitoa mapema.

1. mwana – ? – ukaa (silabi mbili)
2. kipaza – ?, kinasa – ?, kikuza – ? (neno moja, silabi tatu)
3. njugu – ?, mbuzi – ? (neno moja, silabi mbili; la pili ni mnyama wa majabalini)
4. Tukiwa wengi, kichwa na mkia wangu vyote hubadilika. Nina silabi tano, na ninapanga foleni kliniki.
5. Mmoja alifungua, mwingine akakata, na wote wawili wametoka nyumba moja. (maneno mawili, mkia mmoja)
6. Mwanao ndiye aliyemleta nyumbani kwako. Si binti yako, lakini "mwana" yumo ndani ya jina lake. (silabi tano)

Majibu: hewa, sauti, mawe, mjamzito, kifunguamimba na kitindamimba. La sita ni la mama yangu, na wiki iliyopita hakuna mwalimu aliyelipata chumba kizima. Ni mkazamwana. Mkaza ni mke, kwa Kiswahili cha bibi zetu, na mkazamwana ni mke wa mwanao. Mama mwenyewe anao watatu, na hawaiti kwa jina jingine.