Namna ya Kupima Matumizi ya Oksijeni katika Seli za Ubongo Zilizokuzwa Maabara

Kipimo cha upumuaji wa seli za ubongo hufaulu au huharibika kabla mashine ya kupima oksijeni haijawashwa, kwa sababu nyuroni (seli ya neva) iliyokomaa haigawanyiki tena, na iliyokufa haipati wa kuziba pengo lake. Kwanza paka polilisini, kemikali inayozisaidia seli kushika, kwenye sakafu ya vishimo vya sahani, kisha uioshe vizuri kwa maji yasiyo na vijidudu, maana ile inayobaki bila kushika huzidhuru nyuroni. Panda seli kwa idadi ile ile katika kila kishimo, na uache vishimo vichache bila seli ili vionyeshe mabadiliko ya oksijeni yasiyotokana nazo. Nyuroni za panya hupimwa kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili, zikiwa zimekwisha kuunganika.

Siku ya kipimo, badilisha midia (kiowevu chenye virutubisho) ya kukuzia na uweke midia isiyo na bikaboneti, yenye pH 7.4, kisha sahani ikae kwa muda wa karibu saa moja katika nyuzi joto 37 bila kaboni dioksidi. Hatua hii ndiyo huua seli nyingi. Usikikaushe kishimo, acha kiowevu kidogo chini, uelekeze ncha ya pipeti ukutani mwa kishimo, na uteremshe midia mpya polepole. Halafu tazama kwa hadubini: nyuzi za nyuroni zikiwa zimevimba vipande vipande kama shanga, kishimo hicho kisihesabiwe, hata kama takwimu zake zinapendeza.

Chakula ulichozipa seli nacho huamua jibu. Midia nyingi za nyuroni zina glukosi ya milimola 25, kiasi kinachozidi sana kile kilichomo katika tishu ya ubongo, kwa hiyo ni busara kuchagua kiwango cha chini kwa makusudi na kukitaja katika ripoti. Ongeza piruvati pia, yaani zao la glukosi linalochomwa na mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), la sivyo huenda ukadhani mitokondria zimechoka, kumbe zimekosa tu cha kuchoma.

Baada ya kupima upumuaji wa kawaida, ongeza oligomisini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Oksijeni inayoacha kutumika hapo ndiyo iliyokuwa ikitumika kwa ajili ya ATP. Kisha huja FCCP, kemikali inayovusha protoni katika utando wa ndani wa mitokondria bila kupitia kimeng'enya hicho, hivyo mnyororo wa elektroni, yaani mfululizo wa protini unaotumia oksijeni, hukimbia kwa kasi yake yote. Mwishoni weka rotenoni pamoja na antimisini A ili kuuzima mnyororo. Matumizi yanayosalia hayatoki katika mnyororo huo, nayo huondolewa katika hesabu zote zilizotangulia. Tofauti kati ya kilele cha FCCP na upumuaji wa kawaida ni akiba ya seli, yaani uwezo wake wa kukabili mahitaji ya ghafla.

FCCP ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ikiwa kidogo, kilele hakifikiwi. Ikizidi, upumuaji hushuka, na akiba huonekana ndogo kuliko ilivyo. Jaribu viwango kadhaa kati ya mikromola 0.25 na 2 kwa kila aina ya seli, na urudie jaribio hilo ukibadilisha midia, kwani protini ya albumini iliyomo katika baadhi ya midia huishika FCCP na kuidhoofisha. Tenga pia vishimo visivyopewa oligomisini kabla ya FCCP, kwa kuwa katika baadhi ya seli oligomisini iliyotangulia hukishusha kilele.

Mashine nyingi hupima asidi sambamba na oksijeni. Astrositi, seli za ubongo zinazozisaidia nyuroni, hutoa laktati (zao la kuvunjwa kwa glukosi) kwa wingi, lakini usihesabu asidi yote kuwa laktati, kwa sababu kaboni dioksidi itokanayo na upumuaji nayo hushusha pH.

Matokeo yagawanywe kwa idadi ya seli zilizobaki kishimoni baada ya kipimo, wala si zile zilizopandwa. Kugawanya kwa kiasi cha protini hutosha pale ambapo seli ni za aina moja. Palipo na mchanganyiko wa nyuroni na astrositi, ni afadhali kutia rangi viini na kuvihesabu, na kutumia kingamwili zinazozitambua nyuroni ili kujua ni vingapi ni vya nyuroni.