Kura ya kaunti Texas: anza kuisoma kutoka chini

Mwaka 2018, mara yangu ya kwanza kupiga kura hapa Houston, nilimaliza kwa dakika mbili. Mashine ilikuwa ile ya zamani yenye kigurudumu cha kuzungusha, na sheria ilikuwa bado inaruhusu kubofya chama kimoja, karatasi nzima ikajijaza yenyewe. Nikabofya, nikabandika kifuani kile kibandiko cha "nimepiga kura", nikaenda zamu. Mwaka uliofuata mwenye nyumba akakataa kunirudishia dola 900 zangu za dhamana, nikamshtaki. Niliyemkuta kitini kusikiliza kesi yangu nilikuwa nimempigia kura mwenyewe. Jina lake nililijua siku ile ile, kwa kulisoma mlangoni.

Tangu hapo naisoma kura kuanzia chini, waliko viongozi wa karibu kama huyo hakimu, na kila anayenipigia simu kuniuliza namwambia hivyo hivyo. Haya ni ya Kaunti ya Harris, ilimo Houston. Kaunti za Texas ziko 254, mengi yanafanana, lakini uliza na kwenu.

Kabla ya yote, uwe raia. Grinkadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, haitoshi, hata kama umekaa miaka ishirini na kodi unalipa. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura anaweza kushtakiwa, na anaweza kufukuzwa nchini. Ukienda kuchukua leseni ya udereva ukaulizwa kama unataka kujiandikisha, na bado hujala kiapo cha uraia, sema hapana. Usiitikie ndiyo kwa kuona haya, wala kwa sababu foleni ni ndefu na swali hukulisikia vizuri. Yule karani mwenye haraka hatakuwepo siku utakapoulizwa na watu wa uhamiaji.

Ukishaapa, fomu zipo maktaba, posta, na ofisi ya kodi ya kaunti, yaani pale pale tunapolipia stika ya gari. Jaza, tia sahihi kwa kalamu, peleka au tuma kwa posta. Kwa mtandao haiwezekani, isipokuwa unapohuisha leseni yako. Mwisho ni siku 30 kabla ya uchaguzi. Kwa ule wa tarehe 3 Novemba 2026, ni tarehe 5 Oktoba. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotaabika: leseni inasema Mwanaisha, cheti cha uraia kinasema Mwana Isha, na karani anakutazama kama watu wawili.

Kadi ya mpiga kura ikija, usiitie kwenye droo na kuponi za pizza. Ina vijisanduku vyenye namba. Tafuta cha kamishna, cha hakimu wa amani na cha konstebo. Harris ina makamishna wanne, na maeneo manane ya mahakimu wa amani, kila eneo mahakimu wawili. Namba zako ndizo zitakazokuambia ni nani hasa wanaokuhusu.

Hakimu wa amani ndiye anayesikiliza kesi za kufukuzwa nyumba, dhamana isiyorudishwa, madeni yasiyozidi dola 20,000, na tiketi za barabarani. Wala sheria haimlazimu awe mwanasheria. Konstebo ndiye anayekuja kubandika notisi ya kufukuzwa mlangoni. Sasa niambie, wewe mpangaji wa kusini-magharibi mwa Houston, kati ya hao na seneta wa Washington, nani ana uwezekano zaidi wa kufika kwako?

Juu yao kwenye karatasi yuko Hakimu wa Kaunti. Jina lisikuchanganye. Kule Harris kesi za watu hasikilizi. Anaongoza Mahakama ya Makamishna, ambayo nayo si mahakama bali ni baraza la watu watano, yeye na makamishna wanne. Wakenya wenzangu, mfikirieni kama gavana mwenye kura moja tu kati ya tano. Barabara, mifereji ya mafuriko, jela, na kodi inayosaidia hospitali ya umma ya Ben Taub, yote yanapita mezani kwao. Sheria inataka wanne wawepo ndipo kodi ipitishwe. Mwaka 2019, na tena 2022, makamishna wawili hawakutokea kikaoni na wale watatu wakashindwa kuipitisha. Kwa hiyo usimdharau kamishna.

Hakimu wa Kaunti yumo kwenye kura ya 2026. Sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alikuwa kwenye ya 2024, zamu yake itarudi 2028. Kumbuka pia mchujo wa vyama mwezi Machi. Si lazima uwe mwanachama, unachagua karatasi ya chama kimoja tu, na mara nyingi kiti huwa kimeshaamuliwa hapo.

Wiki moja kabla, ingia HarrisVotes.com uchapishe sampuli ya kura yako. Ni ndefu, majaji peke yao wanajaza kurasa, na ule mbofyo mmoja wa chama uliondolewa tangu 2020. Majina ya unaotaka kuwachagua yaandike kwenye karatasi, maana simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za kituo, kama mita 30. Fulana ya mgombea iache nyumbani. Chukua leseni au pasipoti. Kura ya mapema inapigwa kituo chochote cha Harris, nami huenda Jumatano asubuhi, watu wakiwa wachache.

Kiingereza kikikupiga chenga, una haki ya msaidizi umtakaye, mradi si mwajiri wako, wakala wake, wala afisa wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi anajaza fomu na kula kiapo, na kukuchagulia ni marufuku.

Mwaka 2024 nilimsindikiza mama mmoja jirani yangu kutoka Uvira, Kongo, miaka 71. Kwa umri wake angeweza kuomba kura ya posta, akakataa. Alitaka kuiona karatasi ikimezwa. Nilimsomea kila jina na cheo chake, yeye akigusa skrini kwa kidole kilichotulia kuliko changu. Rais alimmaliza upesi. Tulipofika kwa majaji akachoka, akaniuliza, "Dada, yule wa mambo ya nyumba bado tu?" Nikamwambia bado, mama, yuko mbele. Akavuta kiti, akakaa, tukaendelea.