SOMO: Kupeleka kalamu ya wino kwa fundi bila kujuta (someni kwanza kabla ya kunifuata inboksi)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita, "kaka kalamu yangu imegoma, fundi yuko wapi Kampala na anachukua ngapi". Nikimjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lile lile. Sasa naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki ya hapa na usinune.

Tuelewane kwanza. Kalamu ninayosema ni ile ya kujaza wino, si biki. Fundi wa kalamu peke yake, mwenye kibao chake mlangoni, mimi sijamwona hapa mjini. Wanaozitengeneza ni mafundi saa, wale wa vimeza vya kioo kwenye korido za maduka, maana wana lenzi ya jicho, wana vikoleo vidogo na wana subira. Wengine ni mabingwa, wengine wanabahatisha tu. Na ukihudumiwa vibaya mara nyingi chanzo ni vile ulivyofika pale na ulichosema, nitawaonyesha.

Hatua ya 1. Ioshe. Maji ya baridi au vuguvugu, si ya moto na si spiriti. Vuta, mwaga, vuta, mwaga mpaka yatoke meupe. Ikigoma weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, iache humo usiku kucha, asubuhi suuza. Wengi wenu mtaishia hapa na hela ya boda itabaki mfukoni.

Hatua ya 2. Jua inajazwaje: katriji (kichupa cha wino cha kubadilisha), konveta (kichupa cha kuvutia wino, kinachomoka), mfuko wa mpira au pistoni. Hujui? Fungua uangalie.

Hatua ya 3. Piga picha. Nibu (kile kibati cha chuma kinachoandika) kwa juu, nibu kwa ubavu, maandishi yaliyochongwa juu yake, na kifuniko.

Hatua ya 4. Eleza ugonjwa kama unavyomweleza musawo. "Haiandiki" si maelezo. Chovya ncha kwenye wino uandike: ikiandika vizuri mistari michache halafu ikakauka, wino haushuki, tatizo liko kwenye ule ulimi mweusi chini ya nibu au huko nyuma kwenye konveta. Ukichovya na bado inakataa, meno mawili ya nibu yamebanana au moja limepanda juu ya mwenzie, labda ilianguka. Ikitema madoa, hewa inaingia mahali, tafuta ufa. Ukifika na maneno hayo fundi anakutazama kwa jicho jingine kabisa, hata bei inakuwa ya heshima.

Hatua ya 5. MWAMBIE FUNDI ASICHOTAKIWA KUGUSA. Hapa ndipo nilipoharibu mimi kwa hiyo mnivumilie nitaongea sana.

Marehemu mzee wangu alikuwa karani wa mahakama Jinja, kalamu yake Parker 51, ile ambayo nibu imejificha ndani inachungulia ncha tu kama mdomo wa kifaranga. Alikuwa anaishika kwa kuilaza kushoto, miaka zaidi ya 20, na ile chembe ngumu iliyochomelewa kwenye ncha ikalika upande mmoja ikafuata mkono wake. Mistari ya kushuka minene, ya kupanda myembamba, ukiona sahihi unajua ni ya mzee kabla hujaisoma. Ikaja kwangu ikawa inakwamakwama. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, jina silisemi na msiniulize, akaniuliza "unataka iandikeje?" Swali zuri kabisa lile! Mimi nina haraka, teksi inajaza watu, nikamjibu "vizuri tu ssebo, ilainishe". Narudi jioni nakuta ncha imepigwa msasa mpaka imekuwa duara safi. Inateleza kama sabuni. Naandika jina la mzee mstari wote unene mmoja, mara ya pili, mara ya tatu, yule bwana ananitazama anatabasamu anangoja nimsifu. Nikalipa nikaondoka, ningesema nini? Alifanya nilichomwagiza. Na kule kukwama kwenyewe kumbe ni wino uliokauka ndani, yaani hatua ya 1.

Kwa hiyo:

Neno "ilainishe" usilitamke. Sema "fungua njia ya wino, ncha usiiguse". Akiona lazima asage, akupigie simu kwanza, na hilo aliandike kwenye risiti. Chembe ikishasagwa hairudi, kuchomelea nyingine ni kazi ya watu wachache sana duniani na gharama yake inaweza kuzidi bei ya kalamu.

Kama ni ya kurithi sema ni ya kurithi, usione haya.

Wenye Parker 51 sikilizeni. Kuanzia 1948 walitoa za kujaza kwa kubinya, mfuko wake ni wa plastiki na unadumu ajabu, mtu akikwambia lazima ubadilishwe kabla hata hajauosha chukua kalamu yako uende. Zile za kwanza, za tangu 1941, zenye kitufe cha kusukuma nyuma, ndani zina kiwambo cha mpira na huo kweli huchoka, hapo usimbishie. Ile kofia inayofunika nibu (si kifuniko) imegandishwa kwa shelaki, gundi ya asili, ambayo inalegea kwa joto dogo tu, ukiona kiberiti kinatoka mfukoni, nyang'anya. Na supaglu isikaribie kalamu yoyote.

Hatua ya 6. Bei kabla ya kazi, risiti hata ya karatasi ya daftari, na kifaa cha zamani kikitolewa unarudishiwa.

Hatua ya 7. Ijaribu pale pale. Nenda na karatasi yako na wino wako, kaa kwenye kiti, andika nusu ukurasa. Akichovya tu akachora viduara vitatu akasema imepona usikubali, nibu iliyotoka kuchovywa inaandika hata kama ndani hakupiti kitu.

Na mjue kwamba wazuri wapo. Sasa nina fundi saa mmoja, mzee wa makamo, mara ya kwanza nilimpelekea kalamu ya Lamy Safari iliyokuwa imekauka kabisa. Hakuuliza habari ya hela. Alivaa lenzi, akaigeuza kwenye mwanga, akanusa nibu, ndiyo, ALINUSA, akaniuliza "umeweka wino wa kuchorea?" Nikakana. Akachukua kitambaa cheupe akakilowesha akabonyeza ule ulimi, ikatoka nyeusi inang'aa kama rangi ya viatu. Nikakumbuka mpwa wangu wa shule ya sanaa aliniazima ikakaa kwake wiki mbili. Wino ule mweusi wa kuchorea una shelaki ndani, ukikauka kwenye kalamu unakuwa varnishi. Akaichomoa nibu, akailoweka, akanipa kiti, saa nzima anatengeneza saa za watu na kila baada ya muda anaitazama. Nikamtumia elfu kumi kwa momo akanirudishia tano, anasema kazi ilikuwa ya maji.

Haya, maswali. Soma kwanza.

---

Kato_W: boss mi yangu haiandiki bei ni ngapi

Jibu: Hatua ya 4. Na wino gani umeweka?

Kato_W: ni ya blue. bei??

Jibu: Bluu ni rangi, nimeuliza wino. Ioshe uje.

MamaNaima_Arua: Asante sana mwalimu kwa somo. Mimi niko Arua, huku fundi saa ni mmoja na anasema kalamu hataki kesi nazo. Nikituma Kampala kwa basi itafika nzima kweli? Ni zawadi niliyopewa na wanafunzi wangu.

Jibu: Inafika dada, ukiifunga vizuri. Kwanza itoe wino wote uisuuze, usitume kalamu na wino ndani hata tone. Lakini konveta usiiache nyumbani, wengi wanaitoa na pengine ugonjwa uko humo humo. Nenda kwa wauza vifaa vya bomba akukatie kipande cha paipu ngumu ya maji, kirefu kidogo kuliko kalamu. Kalamu iviringishe kwa karatasi laini, iingize kwenye paipu isicheze, ziba pande zote mbili kwa seloteipu, halafu yote ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) maana mizigo ya chini ya basi hulala na samaki. Humo humo weka barua: jina lako, simu, dalili, na ule mstari wa "ncha isiguswe". Pale ofisi ya basi taja ni kalamu na taja thamani yake, chukua risiti, na mpokeaji asisaini kabla hajafungua. Ukiwa tayari niandikie, nitaipeleka mwenyewe kwa yule mzee.

MamaNaima_Arua: Mungu akubariki. Na kama ingebidi iende nje ya nchi?

Jibu: Kufunga ni hivyo hivyo. Kwenye fomu ya forodha ya posta, CN22, kuna visanduku vya kutia tiki: zawadi, nyaraka, bidhaa zinazorudishwa na kadhalika. Mwombe fundi wa huko akiirudisha atie tiki kisanduku cha bidhaa zinazorudishwa, aandike imetoka matengenezoni, aweke na ankara ya kazi yake. Wewe tunza risiti uliyotumia na picha za hatua ya 3. Rafiki yangu hakufanya hivyo, akakadiriwa kodi kama kanunua mpya, akazunguka ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba kalamu ni yake.

Opio_R: Kwa nini usumbufu wote huo jamani, si ununue Hero ya Kichina utupe hiyo

Jibu: Hero 616 ninayo, naipenda, ndiyo naazima watu. Lakini hukuulizwa ununue nini. Kalamu ya baba yako utaitupa?

Opio_R: nimeuliza tu mbona hasira

Jibu: Sina hasira. Nina hatua saba.

Tumwine_K: Swali langu ni la ajabu kidogo. Kalamu yangu Kampala haina shida yoyote, ila nikienda nyumbani Kabale nafika shati lina doa. Nimeipeleka kwa mafundi wawili wote wanasema nzima, mmoja alikataa hata hela. Wananidanganya?

Jibu: Hawakudanganyi, na huyo aliyekataa hela mshike usimwachie. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, Kabale kama 2,000. Ukipanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, ile hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu inatanuka, inasukuma wino utoke kwenye nibu. Kalamu iliyojaa ina hewa kidogo ya kutanuka, iliyobaki na robo ya wino ndiyo mbaya zaidi, halafu joto la kifua chako linaongezea. Kabla ya safari ijaze mpaka juu au imwage kabisa, na ibebe nibu ikitazama mbinguni. Kwenye ndege ni hivyo hivyo.

Tumwine_K: Aaa! Ndiyo maana nikirudi Kampala haivuji. Na nikishuka wino unarudi ndani?

Jibu: Wino wa shati hapana. Lakini wazo lako ni sahihi, ukishuka hewa ya ndani inasinyaa, inavuta kidogo kurudi nyuma, pengine ukifika inachelewa kuanza. Gusisha ncha kwenye karatasi uihesabie mpaka tano.

Karani_wa_Vibanja: Niongezee kitu hapo kwa wanaoandika makubaliano ya ardhi. Wino wa bluu wa kuoshika usisainie, tone la mvua na kibanja kimepotea. Mimi natumia wino wa chuma, unaandika rangi hafifu halafu hewa inaugeuza mweusi, na maji hayautoi.

Jibu: Kweli, ila nunua uliotengenezwa kwa kalamu za namna hii, ule wa kalamu za kuchovya unakula chuma cha nibu. Na usiuache ukaukie ndani, osha kila ukijaza mara mbili tatu. Ukienda kwa fundi mtajie ni wino gani ulikuwemo.

Karani_wa_Vibanja: Samahani kuuliza, ile ya mzee wako ilipona?

Jibu: Inaandika vizuri sana, ndiyo shida yake. Nilimpelekea yule fundi wa lenzi akaitazama dakika nzima akasema "hapa mimi sina kazi", akanirudishia. Risiti za zamani za mahakama ninazo, sahihi yake imo. Kalamu naandikia orodha ya sokoni.

Nakku_J: Mkono wa kushoto naandika, fundi anasema nibu yangu mbovu kwa sababu yangu. Ni kweli?

Jibu: Mwambie akutazame ukiandika kabla hajasema. Wa kushoto wengi wanasukuma nibu badala ya kuivuta, inachimba karatasi, basi. Jaribu nibu ya ukubwa wa kati yenye ncha ya duara, na wino unaokauka upesi. Kabla ya kulipa chochote lakini zungusha daftari kidogo kulia, uone.

Kato_W: boss nimeisuuza imekubali 👏 ila maji yanatoka zambarau tu hayaishi. ule wino nilichukua wa pedi ya muhuri ofisini ulikuwa umebaki

Jibu: Banange. Rudia hatua ya 1, na iwe ya usiku kucha.