Jinsi ya kukokotoa kasi ya mtu anayeteleza kwa skii kushuka mlima

Kitzbühel, Austria, kuna njia ya mashindano ya skii (vipande virefu vyembamba vya kutelezea theluji) iitwayo Streif. Inaanzia mita 1,665 juu ya usawa wa bahari na kuishia mita 805, kwa hiyo inashuka mita 860. Urefu wake wote ni mita 3,312, na mwaka 1997 Fritz Strobl aliimaliza kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Gawanya mita kwa sekunde: wastani wake ulikuwa mita 29.7 kwa sekunde, karibu kilomita 107 kwa saa.

Mimi hufundisha fizikia, na njia hii ndiyo ninayoanza nayo, kwa sababu inaonyesha mapema ni wapi hesabu ya kasi huharibika. Fomula ambayo kila mwanafunzi huikimbilia ni ya nishati: nishati ya kuwa juu inageuka yote kuwa nishati mwendo. Masi inajikata pande zote mbili, na kinachobaki ni v = √(2gh), ambapo v ni kasi, g ni 9.81, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia (kasi inayoongezeka kila sekunde), na h ni kimo cha mshuko kwa mita. Weka 860 na utapata mita 130 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita 468 kwa saa. Hakuna binadamu aliyewahi kuteleza hivyo. Mwaka 2013, kwenye mbio za Lauberhorn huko Wengen, Uswisi, Johan Clarey alipimwa kilomita 161.9 kwa saa, na hiyo ni kasi ya kutisha. Hata tukisema mtu anavuka mstari wa mwisho wa Streif kwa kilomita 140 kwa saa, nishati mwendo aliyobaki nayo haifiki sehemu moja ya kumi ya ile aliyoanza nayo juu. Iliyosalia imekwenda kwenye theluji, kwenye kona, na zaidi ya yote kwenye hewa.

Kwa hiyo ichukue √(2gh) kuwa ni dari. Inakwambia kasi isiyoweza kupitwa na mtu aliyeanza akiwa amesimama, basi. Kasi yenyewe tunaitafuta kwa kuongeza vizuizi kimoja kimoja.

Kwanza pata pembe ya mteremko. Laza skii juu ya theluji ikielekea chini, weka simu juu yake na usome programu ya kupima usawa. Angalizo moja ambalo siachi kulirudia: vibao vya milimani hutoa asilimia, na asilimia si nyuzi. Asilimia 100 ni nyuzi 45, kwa sababu asilimia ni kimo kugawanywa kwa umbali wa mlalo, yaani tanjenti. Wastani wa Streif ni asilimia 27, sawa na nyuzi 15. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: 860 kugawanya kwa 3,312 ni 0.26, ambayo ni sini (kimo kugawanywa kwa urefu wa njia yenyewe) ya nyuzi 15.

Sasa tuchukue mteremko mdogo, ulionyooka, wa nyuzi 20 na mshuko wa mita 50. Sini ya nyuzi 20 ni 0.342, kwa hiyo urefu wa njia ni 50 ÷ 0.342, yaani mita 146. Dari yake ni mita 31.3 kwa sekunde, kilomita 113 kwa saa.

Kizuizi cha kwanza ni msuguano wa theluji. Namba ya msuguano ya skii iliyopakwa nta huwa ndogo sana. Mimi hutumia 0.05 nisipokuwa na kipimo. Kama unataka yako mwenyewe, tafuta sehemu yenye mwinamo mdogo ambapo skii ikishasukumwa inaendelea polepole bila kuongeza wala kupunguza mwendo, kisha chukua tanjenti ya pembe ile. Kwa 0.05 utakuta ni karibu nyuzi 3. Fomula sasa inakuwa v = √(2gh(1 − μ ÷ tan θ)), ambapo μ ni namba ya msuguano na tan θ ni tanjenti ya pembe ya mteremko, na jibu linashuka hadi mita 29.1 kwa sekunde, karibu kilomita 105 kwa saa. Theluji, basi, imepunguza kilomita 8 tu. Wengi hudhani ndiyo kizuizi kikuu, na namba zinakataa.

Hewa ndiyo yenye neno la mwisho. Kani yake ni ½ × ρ × S × v². ρ ni densiti ya hewa. Kwenye baridi ya milimani, 1.1 kilo kwa mita ya ujazo inatosha. S ni eneo la mwili linalokabili upepo likizidishwa kwa namba ya umbo lake. Mtu aliyesimama wima tumpe 0.6, na aliyejikunja vizuri, kifua juu ya mapaja na mikono mbele, tumpe 0.25. Hizi ni makadirio, lakini tofauti kati yake ndiyo kiini cha hesabu nzima. Na kwa kuwa v imepigwa kipeo cha pili, kasi ikiongezeka mara mbili, hewa inakuzuia mara nne.

Chukua mtu wa kilo 85 pamoja na vifaa vyake. Kani inayomvuta chini ya mteremko, baada ya kutoa msuguano, ni 85 × 9.81 × (0.342 − 0.05 × 0.94), yaani nyutoni 246 (0.94 ni kosini ya nyuzi 20). Akiwa wima, hewa inamzuia kwa 0.33 × v². Kani hizo mbili zikilingana hawezi kuongeza mwendo tena: v = √(246 ÷ 0.33) = mita 27.3 kwa sekunde, kilomita 98 kwa saa. Akijikunja, ukomo huo unapanda hadi kilomita 152, kwenye mteremko uleule na theluji ileile. Ndiyo maana wanaoshindania kasi tupu huvaa mavazi yanayobana na kofia zenye umbo la tone. Simon Billy wa Ufaransa alifikisha kilomita 255.5 kwa saa huko Vars mwaka 2023.

Hapa pia masi inarudi. Mtu wa kilo 100 mwenye S ileile angekuwa na ukomo wa kilomita 107 badala ya 98.

Lakini mita 146 hazitoshi kuufikia ukomo, kwa hiyo tunahesabu sekunde kwa sekunde. Fungua lahajedwali, au chora safu tatu kwenye daftari: kasi, mchapuko, umbali. Mchapuko ni (246 − 0.33v²) ÷ 85. Mwanzoni v ni sifuri, mchapuko ni 2.89, na baada ya sekunde moja kasi ni 2.9. Hewa sasa inazuia kwa nyutoni 2.8 tu, mchapuko ni 2.86, kasi inakuwa 5.75. Sekunde ya tatu: hewa nyutoni 10.9, mchapuko 2.77, kasi 8.5. Umbali unaupata kwa wastani wa kasi ya mwanzo na ya mwisho wa kila sekunde. Hadi hapa ni karibu mita 13. Endelea hivyo na utafika chini ndani ya sekunde ya 11, ukiwa na karibu mita 23 kwa sekunde. Ukifupisha hatua, jibu linatulia kwenye 22.5, kilomita 81 kwa saa. Rudia kwa aliyejikunja (weka 0.1375 badala ya 0.33) na utapata karibu kilomita 93.

Yote hayo ni kwa anayeshuka moja kwa moja. Akikata mteremko kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mstari wa kushuka, zidisha 0.342 kwa 0.5 (kosini ya nyuzi 60) kabla ya kutoa msuguano. Ukomo wake akiwa wima unaanguka hadi kilomita 64, hata kabla ya kuhesabu kingo za skii zinazokwaruza theluji kwenye kona.

Mwisho, pima. Simika vijiti viwili mita 25 mbali, karibu na mwisho wa mteremko, na uweke kamera pembeni, mbali vya kutosha kuviona vyote bila kuigeuza. Video ya fremu 30 kwa sekunde inatosha. Kwa mtu wetu aliye wima, hesabu inatabiri fremu 34 kati ya kijiti na kijiti. Fremu moja ya kukosea ni kilomita 2 hivi kwa saa. Saa ya mkononi usiitumie hapa, kwa sababu kuchelewa kwa kidole kunakula sehemu kubwa ya sekunde hiyo moja na ushei. Kipimo kikitofautiana na hesabu, rekebisha S kwanza, kwani ndiyo uliyoikisia zaidi. Namba ya msuguano iguse tu kama theluji imelowa au imetoka kuanguka.