Kutengeneza Kitanda cha Mtoto Mchanga kwa Mbao, Kuanzia Godoro

Ndugu wanaotaka kumzawadia mama mjamzito kitanda cha mtoto kwa kawaida humpelekea fundi picha iliyo kwenye simu na kumwomba atengeneze kama hiyo. Picha husaidia kuchagua umbo la kichwa cha kitanda, lakini haionyeshi nafasi iliyopo kati ya ufito mmoja na mwingine, wala kina kutoka kwenye chaga, yaani vibao vinavyobeba godoro, hadi ukingo wa juu, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama mtoto atalala salama. Mwongozo huu unatanguliza vipimo, na unamfaa mtu ambaye tayari anajua kutumia randa, patasi na keekee.

Hatua ya 1: Nunua godoro

Nunua godoro la sponji gumu la sentimita 60 kwa 120, lenye unene wa sentimita 10, ambalo madukani huitwa la futi mbili kwa nne, kisha lipime mwenyewe kwa sababu magodoro ya jina moja hupishana. Ndani ya kitanda pawe na sentimita 62 kwa 122. Ukilisukuma godoro upande mmoja, pengo linalobaki upande wa pili lisizidi sentimita 3. Wanaotengeneza kitanda kwanza na kutafuta godoro baadaye huishia kuziba pengo kwa mito na kanga, vitu ambavyo havipaswi kabisa kuwa karibu na pua ya mtoto mchanga.

Hatua ya 2: Chagua mbao

Mninga ndio ninaoupendelea, kwa kuwa ukishakauka haupindi wala kusinyaa kwa urahisi, ingawa vumbi lake huwasha pua na kifua, hivyo vaa barakoa unapoupiga msasa. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa nao ni mzuri. Paini ya Sao Hill inafaa kwa mwenye bajeti ndogo, ila ikatae kabisa ile yenye rangi ya kijani kibichi iliyotiwa dawa ya kuezekea, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda. Mbao yoyote utakayochagua iwe kavu. Ikiwa mbichi, viungo vitalegea baada ya miezi michache.

Hatua ya 3: Kata vipande vikubwa

Unahitaji matendegu 4, yaani miguu ya kitanda, ya sentimita 6 kwa 6, yenye urefu wa sentimita 90. Mifumbati, yaani mbao za kulala zinazounganisha matendegu, iwe 4 ya sentimita 122 na mingine 4 ya sentimita 62, yote ikiwa na kimo cha sentimita 7 na unene wa sentimita 3.5. Mifumbati ikae sawasawa na uso wa ndani wa matendegu, la sivyo kipimo cha ndani kitabadilika. Mfumbati wa juu ulingane na kichwa cha tendegu. Najua wapo wanaopenda matendegu ya kukereza yenye vifundo juu, kwa mtindo wa samadari, na kwa kitanda cha bibi harusi yanapendeza; kwa mtoto, kifundo kinachochomoza hunasa ukosi wa nguo anapojaribu kupanda.

Hatua ya 4: Fito na vijazio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, kwa kuwa ikizidi hapo kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya na kichwa kikabaki kimenasa. Kwa fito zenye upana wa sentimita 3 na unene wa sentimita 1.5, upande mrefu utachukua fito 14 na nafasi 15 za milimita 53. Kwenye upande mfupi, weka kwanza ubao wa upana wa sentimita 7 na unene wa sentimita 3.5 katika kila ncha, ukigusana na tendegu, ambao baadaye utabeba chaga. Kati ya mbao hizo mbili zitaingia fito 5 na nafasi 6 za milimita 55. Fito zote ziwe na urefu wa sentimita 56.

Badala ya kuchonga tundu moja moja kwa patasi, jambo linaloruhusu kosa dogo kurudiwa mara nyingi, chimba mfereji mmoja wenye upana na kina cha sentimita 1.5 kwenye mfumbati wote. Kisha kata vijazio, yaani vipande vidogo vinavyoenea kwenye mfereji huo, vyenye urefu wa milimita 53 kwa upande mrefu na 55 kwa upande mfupi. Pigilia kizuizi kwenye meza ya msumeno ili vyote vitoke sawa bila kupima upya. Anzia katikati kuelekea pembeni: tia gundi, weka ufito, weka kijazio, endelea hivyo, huku ukikagua kwa guniya kwamba ufito umesimama wima. Zile mbao pana zichongee ulimi wa unene wa sentimita 1.5 uingie mfereji uleule.

Gundi ikikauka, chukua kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 6 na ujaribu kukipitisha kila mahali kwa nguvu. Kikipita hata sehemu moja, upande huo urudiwe.

Hatua ya 5: Unganisha kwa bolti

Usitie gundi kwenye viungo vya matendegu. Kila kiungo kipate bolti moja ya milimita 8 inayoshikwa na nati iliyozikwa ndani ya mfumbati, pamoja na kigingi cha mbao kinachozuia mfumbati usizunguke. Vichwa vya bolti vizame ndani ya mbao. Kitanda kinachofunguliwa namna hii kinaweza kuhamishiwa kwa shangazi au binamu, mtoto wa kwanza anapokua na kitanda kisimtoshe tena. Ubavu wa kushuka na kupanda usiwekwe; Marekani ilipiga marufuku vitanda vya aina hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kufariki kwa kubanwa pale ubavu ulipochomoka.

Hatua ya 6: Chaga

Tengeneza fremu yenye chaga zilizoachana kwa sentimita 5. Toboa mahali pa kuifungia pawili: chini kabisa, kwenye mfumbati, ambapo kina hadi ukingo wa juu ni sentimita 60, na juu, kwenye zile mbao pana, ambapo kina ni sentimita 30. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa vigingi, kwa kuwa kidole cha mtoto hunasa humo.

Hatua ya 7: Msasa na vanishi

Anza na msasa namba 80, umalizie na 240, na kila pembe iwe ya mviringo. Tumia vanishi ya maji, au rangi ambayo kopo lake linaeleza kwamba haina madini ya risasi, kisha uache kitanda mahali penye hewa kwa wiki tatu au zaidi hadi harufu iishe. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Jina la mtoto, ndugu wakilidai, lichongwe kwa nakshi isiyo na kina upande wa nje wa kichwa cha kitanda. Nakshi ya kutoboa isiwepo. Chandarua kitundikwe darini, si kwenye fito.

Unapokabidhi zawadi, mpe mzazi spana na fito mbili za akiba, na umweleze kwamba fremu ya chaga ishushwe mara tu mtoto anapoanza kujaribu kukaa, na kitanda kiachwe anapofikia urefu wa sentimita 90.