Kupogoa matumbawe ya tangi la nyumbani kabla hayajachomana

Tumbawe likinawiri humzibia jirani mwanga, na likimfikia humchoma. Ukiona weupe upande mmoja tu, tena ule unaotazamana na jirani, usikimbilie kulaumu maji.

Hatua ya 1: Chunguza usiku. Taa zikishakaa zimezimwa kwa muda wa saa moja hivi, mulika kwa tochi ya mwanga mwekundu. Galaxea, aina ya tumbawe gumu iliyopo hata kwenye miamba ya pwani yetu, mchana ni kijiwe chenye maua tu. Usiku hutoa minyiri inayoweza kufika sentimita 15 na zaidi. Iachie nafasi ya sentimita 20, na mkondo wa pampu usiisukume minyiri hiyo kwa wenzake.

Hatua ya 2: Tenga watambaazi. Xenia, tumbawe laini linaloenea upesi juu ya mawe, ipe jiwe lake, lililozungukwa na mchanga. Kwenye mwamba mkuu simshauri mtu aiweke.

Hatua ya 3: Jikinge. Vaa glavu na miwani, hasa ukigusa Zoanthus, vijidudu laini vya jamii ya matumbawe vinavyoota kama zulia la maua. Baadhi yake yana sumu kali, palitoksini, na yakikatwa huweza kukurukia majimaji machoni. Jiwe lake usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto: kuna watu waliolazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake tu.

Hatua ya 4: Zima pampu, ukate. Acropora, tumbawe gumu la matawi, usiinyoe ncha. Kila ncha iliyokatwa huchipua vitawi kadhaa, kichaka kikazidi kusongamana na maji yasipite katikati. Ingiza koleo la kukatia mifupa, utoe tawi zima karibu na shina. Euphyllia ya matawi, tumbawe gumu lenye minyiri minene, ikate kwa msumeno mdogo, kwenye mfupa mtupu, sentimita chache chini ya nyama. Matumbawe laini hukatwa kwa wembe. Hutoa ute na kemikali, kwa hiyo weka mkaa wa kuchujia maji.

Hatua ya 5: Pandikiza. Kausha kitako cha kipande, tia supaglu ya jeli, bandika kwenye kijiwe. Vipande laini huteleza. Viache kwenye bakuli la kokoto penye mkondo mdogo hadi vishike vyenyewe.

Hatua ya 6: Pima alkalini (kabonati za majini ambazo matumbawe hutumia kujengea mifupa) kila siku kwa wiki nzima. Mimi hulenga 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Ukishapunguza matumbawe mengi, matumizi yake hushuka. Ukiendelea kuiongeza majini kwa dozi ileile, alkalini itapanda na ncha za Acropora zitaungua.