Kabla ya Kumleta Kobe Nyumbani, Panda Majani Yake

Mtu akitaka kufuga kobe, huanza kuhangaikia banda: liwe na ukubwa gani, lizungushiwe nini. Chakula hakimpi wasiwasi, kwa kuwa sokoni mboga haziishi. Hapo ndipo kobe wengi wanapoanza kuumia. Mboga za sokoni tumezichagua sisi, tunaozichemsha na kuzitia nazi. Kobe anazila mbichi, siku zote za maisha yake, na huenda akaishi kukuzidi wewe. Ndiyo maana nashauri majani yatangulie, kobe afuate.

Lakini kabla hata ya majani kuna kibali. Kobe wa nyika zetu, yule mwenye madoa kama ya chui, ni mnyamapori. Tanzania Bara analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Kumwokota porini au kumnunua njiani bila karatasi ni kosa. Kobe wa miambani mwenye gamba bapa kama chapati hana hata mjadala: mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu biashara ya wanyama wa kufugwa ilikuwa inammaliza. Na atakayeona haya ni maneno ya ofisini tu akumbuke kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Kobe wakubwa wanne waliletwa pale kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wizi ukaingia, wengine wakiuzwa ng'ambo kwa wafugaji, na ilipofika 1996 walikuwa wamebaki saba.

Changuu inafundisha jambo jingine pia. Mgeni akifika hupewa majani ya mboga amlishe kobe kwa mkono, naye hurudi akiamini kwamba hicho ndicho chakula cha kobe. Kumbe asili ya kobe hao ni kisiwa cha Aldabra, na huko chakula chao kikuu ni nyasi fupi zilizochanganyika na magugu. Kobe wetu wa madoa naye ni mla nyasi. Tumbo lake limeumbwa kuchachusha nyuzinyuzi polepole, na mboga laini zikitawala, choo hulegea na mwili hukua kwa pupa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, miezi miwili au mitatu kabla, ni kuotesha ukoka. Hauna gharama: chimbua vipande vyenye mizizi, uvipande penye jua, umwagilie. Gawa eneo mara mbili ili upande mmoja upumzike huku mwingine unaliwa. Nyasi ziwe zaidi ya nusu ya chakula chake, na zikifika robo tatu ni bora zaidi. Kiangazi kikikaribia, kata nyingine uzikaushe kivulini.

Robo inayobaki ndiyo ya majani mapana, na hapa inafaa kwenda taratibu. Linalotafutwa ni kalsiamu, iliyo nyingi kuliko fosforasi, kama mara mbili hivi. Ikipungua, mwili huichota kutoka kwenye mifupa, na kobe mchanga hulainika gamba mpaka likabonyea chini ya kidole. Mkulima wa mboga atakwambia mchicha una kalsiamu tele, na kweli unayo. Tatizo ni oksaleti, kemikali za asili za mimea, ambazo mchicha unazo kwa wingi. Huishika kalsiamu tumboni ikatoka bila kumfaa mnyama. Spinachi iko hivyo hivyo, pamoja na ile ya majani mapana yenye shina jeupe ambayo masoko yetu huiita spinachi. Kobe akila fungu moja hatakufa. Ubaya ni kuifanya ugali wake wa kila siku.

Sukuma wiki ina hesabu nzuri zaidi: kalsiamu nyingi, oksaleti kidogo. Hata hivyo iko ukoo mmoja na kabichi, na ukoo huo ukiliwa mfululizo kwa wingi husumbua tezi ya shingo. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Letusi ile ya duara, nyeupe ndani, ni maji yaliyokunjwa. Inafaa kumnywesha kobe siku ya joto, si kumlisha. Majani ya kunde yana protini nyingi kwa mnyama huyu, basi yawe machache.

Mimi nafasi kubwa naipa mchunga. Watu wa pwani tunaujua kwa uchungu wake, unaota wenyewe shambani, na uko jamii moja na letusi ila umeshiba kuliko letusi. Majani na maua ya hibiskasi kobe huyapenda sana, nayo huota kwa kijiti tu, basi panda ua mzima. Majani machanga ya maboga yanafaa. Mpungate, ile kakati yenye vipande bapa, nao una kalsiamu nzuri. Uondoe miiba yote, hata ile midogo kama vumbi, kwa kuupitisha juu ya moto na kuusugua. Badilisha badilisha wiki nzima, maana hakuna jani moja linalotosha peke yake.

Sasa ya kukataza. Kisamvu nakitaja kwanza, kwa kuwa ndicho kinachopatikana kila kaya. Jani bichi la muhogo likitafunwa hutoa sumu ya sianidi; sisi tunaponea kwenye kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, kobe hana jiko. Kama kuna mihogo karibu na banda, weka ukuta katikati. Mnavu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo yasiingie kabisa, vilevile majani na tunda la parachichi. Kagua ua wenyewe: mnyaa una utomvu mkali, na oleanda inayopandwa kwa urembo huua. Ving'oe kabla kobe hajafika.

Dawa za wadudu zinanitia hofu kuliko mimea hiyo, kwa sababu hazionekani. Muulize anayekuuzia alipulizia lini. Akisita, usinunue. Usikate nyasi kando ya barabara kuu wala kwenye mtaro wa maji machafu. Hata jani la nyumbani lioshe na umpe likiwa na matone, maana maji mengi ya kobe hutoka kwenye chakula.

Kalsiamu ya ziada iwepo. Wa pwani waulize wavuvi mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, uoshe, uuache juani, kisha uweke bandani auparuze mwenyewe. Wa bara wachemshe maganda ya mayai, wayakaushe na kuyasaga. Yote hayo hayana kazi bila jua la moja kwa moja, kwa kuwa miale yake ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D ya kuipokea kalsiamu. Jua la nyuma ya kioo cha dirisha halihesabiki. Kioo huzuia miale hiyo hiyo.

Siku ya kumpokea, muulize anayekukabidhi kobe alikuwa analishwa nini. Aliyelelewa kwa letusi na nyanya atakupa kisogo ukimwekea ukoka. Usikate tamaa, wala usimrudishie letusi. Katakata ukoka vipande vya ukucha, uchanganye na hibiskasi iliyoloweshwa, kila wiki uongeze nyasi kidogo. Rundo la kutwa lisizidi sana ukubwa wa gamba lake. Mkubwa mwenye afya anaweza kususa siku kadhaa bila madhara, lakini mchanga asiyekula siku tatu, macho yamevimba au gamba linabonyea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.